Ukiulizwa, Umeaminiwa



Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Kuna swali ninaloulizwa karibu kila Ijumaa baada ya swala, tukiwa bado tunatafuta viatu mlangoni. "Kaka, mimi ni mgeni kabisa. Nataka kuachana na Windows ya wizi. Niweke Linux ipi?" Swali hili limezidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft walipositisha huduma ya kawaida ya Windows 10, maana laptopu zetu nyingi ni za mitumba na Windows 11 haizikubali. Anayeniuliza anataka nitaje jina moja, aliandike kwenye simu, aende zake.

Jina nitalitaja, lakini mwishoni. Kwanza inanipasa nisimulie jinsi nilivyolijibu swali hili vibaya kwa mtu aliyeniamini. Nilikuwa nadhani ni swali la kompyuta. Leo naamini ni swali la amana, na kwamba uzito wake mkubwa haumwangukii anayeuliza. Unamwangukia anayejibu.

Biashara ya flashi

Mimi nasoma informatika hapa Bujumbura. Mwaka wangu wa kwanza chuoni nilikuwa na flashi moja iliyonilisha. Ndani yake mlikuwa na Windows, Office, na programu ndogo ya kuvunja kufuli ili kompyuta idhani imelipiwa. Mwanafunzi analeta mashine, naiwekea, ananilipa pesa kidogo ya chakula na nauli. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu nimemdhulumu. Wenye mali wako mbali, ni matajiri, na hawanijui.

Siku moja katika darsa, ustadhi wetu alizungumzia haki za waja. Alieleza kwamba haki ya Allah mja anaweza kutubia akasamehewa, lakini haki ya mwanadamu mwenzako huna budi kumrudishia mwenyewe au kuombana naye radhi. Hakutaja kompyuta hata mara moja. Mimi ndiye niliyekaa pale nikihisi flashi inaniunguza mfukoni. Darsa lilipokwisha nikamfuata, nikamweleza. Akaniambia kwamba jambo hili wanavyuoni wameshalijadili: Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait Desemba 1988, iliamua kwamba haki za mtunzi na za mvumbuzi ni mali inayolindwa na sharia, na haifai kuzivamia.

Nikaacha. Siyo siku ile ile, nisiwadanganye, lakini niliacha. Na kwa kuwa bado nilihitaji kompyuta, nikaingia kwenye Linux.

Kwa nini majina ni mengi

Anayeanza huchanganyikiwa kwanza na wingi wa majina, kwa hiyo nieleze kidogo yametoka wapi.

Mwaka 1969, katika maabara za Bell huko Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuandika mfumo ulioitwa Unix. Kampuni mama, AT&T, ilikuwa imefungwa na makubaliano ya kisheria ya mwaka 1956 isifanye biashara ya kompyuta, kwa hiyo Unix ilienea vyuoni pamoja na maandishi ya ndani ya programu, ambayo wanafunzi waliweza kuyasoma na kuyarekebisha. Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley kikatoa tawi lake, na kutokana na tawi hilo tuna FreeBSD na OpenBSD za leo. Baadaye milango ikaanza kufungwa na leseni zikawa ghali. Mwaka 1983 Richard Stallman akatangaza mradi wa GNU, akitaka mfumo unaofanana na Unix ambao kila mtu ana ruhusa ya kuutumia, kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Mwaka 1991 kijana wa miaka 21 aliyekuwa akisoma Helsinki, Linus Torvalds, akatoa kiini alichokiandika mwenyewe, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni ile ile ya GNU.

Kiini peke yake hakimfai mtu wa kawaida, kama injini iliyowekwa chini bila gari. Hivyo watu wakaanza kukusanya kiini na programu nyingine, wakavifunga pamoja. Mkusanyo wa namna hiyo ndio unaoitwa distro. Slackware na Debian ni za mwaka 1993. Arch ni ya 2002. Ubuntu ilitolewa Oktoba 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ikijengwa juu ya Debian. Mint ilianza 2006, ikajengwa juu ya Ubuntu. Ziko nyingi kwa sababu leseni yenyewe imeruhusu: asiyeridhika na ya mwenzake hutengeneza yake.

Kwangu mimi wakati ule, jambo kubwa lilikuwa ile ruhusa. Mwenye mali mwenyewe amesema, chukua, tumia, mpe na mwenzako, ila usimnyime mwenzako ruhusa niliyokupa wewe. Sisi tunaosema Kirundi jina la Ubuntu halihitaji mkalimani. Ubuntu ni utu na ukarimu, na kitu ukipewa ku buntu umepewa bure. Nikawa najiona nimetoka kwenye haramu nimeingia kwenye nuru, na nikataka kila mtu ajue.

Dada aliyeniamini

Katika jumuiya yetu kuna dada mmoja anayesoma uuguzi. Sitamtaja, na amenipa idhini ya kuyasimulia haya. Alikuja kwangu akiwa na mdogo wake wa kiume, ameshika laptopu ya zamani aliyopewa na mjomba wake: RAM ya GB 4, betri imekufa kabisa, haiwaki mpaka ichomekwe kwenye umeme. Windows iliyokuwamo ilikuwa moja ya zile nilizoweka mimi. Akaniambia, "Kaka, nimesikia ulivyosema kwamba hii si halali. Mimi sijui chochote kuhusu mambo haya. Niwekee unachoona wewe kinafaa."

Ndugu msomaji, naomba usimame kwenye maneno hayo. Mtu amekiri kwamba hajui. Amekukabidhi kitu chake na amekupa uhuru wote. Ni heshima kubwa hiyo, na mimi niliipokea kama ushindi.

Nikamwekea Arch. Kwa nini Arch? Wakati ule nilikuwa nimemaliza wiki tatu nikijifunza kuiweka kwa mkono, amri moja baada ya nyingine, na vijana wa darasa letu walikuwa wakiihesabu kuwa ya wanaume. Nikamwekea na mazingira yasiyo na menyu wala vitufe, kila kitu kinafunguliwa kwa kubonyeza herufi, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nimepanga yangu. Nikaiacha yote katika Kiingereza, kwa kuwa maelekezo niliyoyafuata yalikuwa ya Kiingereza, ilhali yeye masomo yake yote ni kwa Kifaransa. Nikamfundisha kwa nusu saa. Akaitikia kwa kichwa, akashukuru, akaniombea dua. Nilirudi chumbani nikiwa na furaha ya mtu aliyetenda wema.

Arch haina matoleo ya mwaka huu na ya mwaka kesho. Inasasishwa mfululizo, na anayeitumia anatakiwa ajue anachokifanya. Nilikuwa nimemwambia asasishe kila wiki. Alitii. Jumamosi moja usiku, akiwa katikati ya kusasisha, umeme ukakatika. Betri haikuwepo. Mashine ikazimika wakati kiini cha zamani kimekwishaondolewa na kipya hakijakamilika. Umeme uliporudi, laptopu ilikataa kuwaka. Ikaonyesha maandishi meupe kwenye kioo cheusi, kwa Kiingereza.

Ndani yake mlikuwa na ripoti yake ya mafunzo ya hospitali, ya kukabidhiwa Jumatatu asubuhi.

Hakunipigia. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alidhani yeye ndiye aliyeharibu. Aliona aibu kunisumbua, na aliona haya kukiri kwamba nusu saa yangu ya mafunzo haikumtosha. Alikaa usiku wa Jumapili akiiandika ripoti upya kwa mkono, kutoka kichwani na kwenye daftari lake la wodi. Ripoti ilipokelewa, lakini haikuwa ile aliyoifanyia kazi mwezi mzima, na alama zilionyesha hivyo. Mimi nilipata habari siku tatu baadaye kutoka kwa mdogo wake.

Nilikwenda mbio na flashi yangu. Kwa kuiwasha mashine kutoka kwenye flashi, faili zake nilizikuta zote salama. Mafaili hayakuguswa, kilichovunjika ni mfumo tu. Ilinichukua dakika kumi. Kama angenipigia Jumamosi, angelala. Na kama mimi ningemwekea kitu kinachomfaa, hasingekuwepo haja ya kunipigia.

Nikamwomba radhi. Hakunilaumu kwa sauti kubwa. Alisema tu, "Kaka, nilikuuliza kwa sababu nakuamini. Lakini wewe hukuniuliza hata mara moja kwamba naitumia kufanya nini."

Swali la baba mdogo

Baba mdogo wangu ni fundi wa magari Buyenzi. Nilipomsimulia, alicheka kwanza, kisha akanyamaza. Akaniambia, "Mwanangu, mtu akinijia anataka nimtafutie gari la kununua, simwambii gari lipi ni zuri. Namuuliza, unakwenda nalo wapi? Anayepanda Bugarama kila siku na mzigo, na anayezunguka hapa mjini kati ya Ruvumera na ziwani, hawawezi kununua gari moja. Fundi asiyeuliza hilo, jua anauza gari analolipenda yeye."

Maneno hayo yalinifanya nirudi kwenye dini yetu, nikaona kwamba nilikuwa nimesoma nusu tu ya somo.

Nusu niliyoisoma ilikuwa halali na haramu ya kitu chenyewe. Windows ya wizi haifai, Linux inafaa, kwisha. Nusu ya pili ni hii: kitu kuwa halali hakumfanyi anayekutolea ushauri kuwa mwaminifu. Nilimtoa yule dada kwenye mali ya watu, ni kweli, kisha nikamdhulumu kwa mlango mwingine. Nilichukua imani yake nikaitumia kujisifu. Mali ya Microsoft ilikuwa na mlinzi wake, ni leseni na mahakama. Imani ya dada yule haikuwa na mlinzi yeyote isipokuwa taqwa yangu.

Mtu asiyejua atachagua vipi?

Hapa pana tatizo ambalo wanafalsafa wangelipenda. Ili uchague mfumo vizuri, unahitaji ujuzi. Ujuzi huo unaupata kwa kutumia mfumo. Kwa hiyo anayeanza anatakiwa achague kabla hajawa na kile kitakachomwezesha kuchagua. Akisoma maelezo, hayaelewi, kwa kuwa yameandikwa na waliokwishajua. Akijaribu yote, atamaliza miaka na data. Hali hii haiko kwenye kompyuta tu. Ndivyo tunavyochagua fani ya kusoma, ndivyo mgonjwa anavyochagua daktari, na ndivyo sisi wengi tulivyopata mwalimu wetu wa kwanza wa chuo cha Qur'ani.

Uislamu haukumwacha mtu wa namna hii akihangaika. Katika Surat An-Nahl, aya ya 43, Allah ametuelekeza kuwauliza wenye elimu ikiwa hatujui. Wanavyuoni wamejenga juu ya msingi huo kwamba mtu wa kawaida halazimiki kuwa mjuzi wa kila jambo. Wajibu wake ni kumtafuta anayemwamini kwa elimu yake na uchamungu wake, kisha amuulize. Akifanya hivyo, ametimiza la kwake.

Lakini angalieni mzigo umekwenda wapi. Haukupotea. Umehama kutoka mabegani mwa anayeuliza ukakaa mabegani mwa anayejibu. Ndiyo maana Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba anayetakwa ushauri ni mtu aliyewekewa amana. Na katika hadithi aliyoipokea Abu Daud kutoka kwa Jabir (r.a.), kuna kisa cha mtu aliyepata jeraha la kichwa safarini, kisha akalazimika kuoga janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamjibu kwamba hawamwonei ruhusa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari zilipomfikia Mtume (s.a.w.), aliwakemea kwa ukali kwa kutouliza na wao hawajui, akaeleza kwamba dawa ya kutojua ni kuuliza.

Kisa hiki nimekisoma mara nyingi tangu siku ile. Yule majeruhi alifanya sawasawa: hakujua, akauliza. Hakulaumiwa hata kidogo. Waliolaumiwa ni waliojibu. Na kosa lao halikuwa nia mbaya. Walijua kanuni ya jumla, ya kwamba penye maji pana kuoga, wakaijibu kanuni bila kuliangalia jeraha lililokuwa mbele ya macho yao. Mimi nami betri iliyokufa niliiona kwa macho yangu. Niliijibu kanuni ya vijana wa darasa langu, sikuliangalia jeraha.

Hoja za wanaopinga

Ndugu mmoja niliyemsomea makala hii alinipa hoja tatu, na ni za haki, kwa hiyo nizijibu.

Hoja ya kwanza: ukimtwisha kila mtoa ushauri mzigo wa mufti, nani atathubutu kumsaidia mwenzake? Najibu kwamba amana haikutaki uwe mjuzi wa yote. Inakutaka uwe mkweli. Imam Malik, na elimu yake yote, anajulikana kwa kujibu maswali mengi kwa kusema hajui. Neno "sijui, lakini twende tukamuulize fulani" ni ushauri kamili. Kilichonishinda mimi hakikuwa uchache wa elimu. Nilijua vizuri kabisa kwamba Arch haimfai anayeanza. Nilinyamaza kwa sababu ukweli huo haukunipamba.

Hoja ya pili: kumwelekeza mgeni kwenye kilicho rahisi ni kumdumaza. Atajifunza lini? Hoja hii ina ukweli ndani yake. Mimi binafsi Arch ilinifundisha ndani ya wiki tatu mambo ambayo darasani yangechukua muhula. Lakini kwangu kompyuta ndiyo somo lenyewe. Kwa muuguzi kompyuta ni chombo, na somo lake ni mgonjwa. Ugumu unaomjenga mwenye kuutafuta humvunja asiyeutafuta. Na Bi. Aisha (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) hakupewa hiari baina ya mambo mawili ila alichagua lililo jepesi zaidi, maadamu si dhambi. Ugumu si ibada kwa sababu tu ni ugumu. Anayetaka kupanda ngazi, ngazi ipo, na ataipanda kwa miguu yake mwenyewe, kwa wakati wake.

Hoja ya tatu: basi anayeanza hana jukumu lolote? Analo. Hata asiyejua kitu kuhusu mifumo anajua mambo matatu ambayo hakuna mjuzi atakayemjulia. Anajua kazi yake ni ipi. Anajua jirani yake ni nani, yaani nani yuko karibu wa kumkimbilia kitu kikiharibika. Na anaweza kumpima mshauri wake kwa kipimo chepesi: je, ameniuliza habari zangu kabla ya kunijibu? Anayekujibu kabla hujamaliza kueleza hali yako, mshukuru kwa adabu, kisha mtafute mwingine.

Kuna pia ndugu wanaoniuliza kama hakuna Linux ya Kiislamu, wachukue hiyo wamalize. Ilikuwepo. Kulikuwa na Ubuntu Muslim Edition, baadaye ikaitwa Sabily. Ilikuja na Minbar ya kuadhini nyakati za swala na Zekr ya kusomea Qur'ani. Waliofanya kazi ile Allah awalipe. Lakini haiendelezwi tena kwa miaka mingi sasa, na mfumo usiopata masasisho ya usalama ni nyumba isiyo na mlango, hata kama ukutani pameandikwa Bismillahi. Programu za nyakati za swala na za Qur'ani zinawekwa kwenye distro yoyote. Jina zuri halikuondolei wajibu wa kuuliza.

Jibu langu la leo

Sasa nimeahidi jina, na nitalitimiza.

Mtu akinijia leo, namuuliza mambo manne kwanza. Unasoma nini, na kuna programu ambayo walimu wako wanailazimisha? Mashine yako ina RAM kiasi gani, na betri inashika? Data unapata kiasi gani kwa mwezi? Na unakaa karibu na nani anayetumia Linux?

Kwa wengi wetu hapa, wenye laptopu za mitumba, kazi za kuandika, kusoma na mtandao, majibu yao yananipeleka kwenye Linux Mint yenye mazingira mepesi ya Xfce. Inakwenda vizuri kwenye RAM ya GB 4. Menyu iko pale pale mtu alipoizoea. Imejengwa juu ya Ubuntu ya muda mrefu, kwa hiyo inapata masasisho ya usalama kwa miaka mitano bila kukulazimisha kubadilisha kila kitu kila wiki. Inakuja na Timeshift, programu ya kuirudisha mashine ilivyokuwa jana. Kifaransa kinachaguliwa mwanzoni kabisa. Na la muhimu kuliko yote, haimwekei mtu lolote kabla hajaijaribu: unaiwasha kutoka kwenye flashi, unaizunguka siku nzima, diski yako haijaguswa. Kama printa au wifi inakataa, utajua mapema.

Anayesoma informatika na anataka kuona chombo kwa ndani, namwambia aanze na Debian, kisha Arch ikimvutia aiweke kwenye mashine ya pili, si ile iliyobeba kazi zake. Anayetaka kujifunza seva na kuona upande ule mwingine wa ukoo wa Unix, FreeBSD ipo.

Na kuna jibu la mwisho ambalo lilinichukua muda kujifunza kulitoa. Mwezi uliopita ndugu mmoja wa uhasibu alinijia. Programu anayofundishiwa inafanya kazi kwenye Windows tu, na laptopu yake ilikuja na Windows halali iliyolipiwa na aliyeinunua. Moyo wangu ulitamani kumbadilisha. Nikamwambia abaki alipo, atumie LibreOffice kama Office yake si halali, na akiwa na hamu aijaribu Linux kwenye flashi siku za likizo. Aliondoka bila ya mimi kumwekea chochote. Naamini ule ndio ushauri wangu wa kwanza uliokuwa amana safi, kwa sababu haukuninufaisha mimi wala kile ninachokipenda.

Yule dada wa uuguzi leo anatumia Mint. Tuliiweka pamoja, mdogo wake akiwepo, na safari hii kila kitufe alikibonyeza yeye. Amejifunza kunakili faili zake kwenye flashi kila Alhamisi. Hasasishi umeme ukiwa unayumba. Wiki iliyopita nilimkuta anamsaidia mwenzake wa mwaka wa kwanza, laptopu iko mapajani. Nikasikia swali lake la kwanza: "Wewe unaitumia kufanya nini hasa?"

Ndugu zangu, sisi tuliosoma kidogo tunaulizwa kila siku. Tunaulizwa kuhusu simu, fani, dawa, vyumba vya kupanga, hata kuhusu watu wa kuoana nao. Kila swali la namna hiyo ni mtu ametuwekea kitu mkononi akageuka upande. Tumuombe Allah atujaalie tuwarudishie watu amana zao zikiwa nzima, atusamehe zile tulizoziharibu kwa kupenda kuonekana, na atupe ujasiri wa kusema hatujui. Aamin.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.